Jina la Mama kwenye Hati

Katika kata ya Likombe, Manispaa ya Mtwara-Mikindani, kama kwingineko pwani ya kusini, biashara ya jumla, yaani ya kununua shehena na kuwauzia wenye maduka ya rejareja, aghalabu ni ya familia, na mara nyingi mama ndiye ajuaye nani kachukua mifuko mingapi ya unga kwa mali kauli, yaani kwa ahadi ya kulipa akishauza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali, nao Wamakonde wa Mtwara, ambao kwa jadi huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hawana sababu ya kuliona hilo geni. Tatizo limo kwenye hati: leseni na akaunti ya benki vikiwa kwa jina la mume peke yake, akifariki malipo husimama mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na ghala huweza kubaki tupu ilhali madeni yamejaa daftarini. Kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, haifi pamoja na mwanahisa wake. Familia za Likombe zisajili kampuni na zimwandikishe mama kuwa mwanahisa na mkurugenzi sasa, zisingoje matanga.