Kumsoma Liyongo kwa Hoja: Uandishi wa Insha katika Somo la Visasili



Kuna insha moja katika somo la visasili ambayo huandikwa upya kila mwaka na wanafunzi wasiofahamiana. Husema kwamba Fumo Liyongo ni Achilles wa Waswahili. Mmoja aliuawa kwa kisigino, mwingine kwa kitovu. Baada ya hapo huitwa Siegfried wa Wajerumani, ambaye jani la mti lilimgandia mgongoni alipokuwa akioga damu ya joka. Huitwa pia Samsoni na nywele zake. Mwisho mwandishi hutangaza kwamba binadamu wote ni wamoja, akaweka nukta.

Insha hiyo mara nyingi ina lugha safi na aya zilizopangwa vizuri. Kasoro yake ni kwamba hakuna atakayeibishia. Kwamba mashujaa hawa wanafanana, kila msomaji anakiri kabla hajafika ukurasa wa pili. Insha ya hoja huanza pale ambapo msomaji mwenye akili, aliyesoma matini ileile uliyoisoma wewe, anaweza kukwambia: sikubali, nionyeshe. Kama hayupo wa kukwambia hivyo, ulichonacho ni maelezo, na maelezo hayawezi kupata alama za hoja hata yakipambwa namna gani.

Tuanze na Achilles, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Wanafunzi huandika kwa uhakika kamili kwamba Homer anasimulia habari za kisigino. Hasimulii. Ukiisoma Iliad mwanzo hadi mwisho, hukuti mama anayemtumbukiza mtoto mtoni, wala mwili usiopenya silaha. Tena katika kitabu cha 21, Asteropaios anamrushia Achilles mikuki miwili kwa mpigo, na mmoja unamchubua mkono hadi damu inatoka. Habari ya kutumbukizwa katika maji ya Styx tunaikuta kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1, mamia ya miaka baada ya Homer.

Mwanafunzi aliyegundua hilo ameokota mali. Sasa anaweza kudai kwamba Achilles wa Homer ni mkubwa kwa sababu anaweza kuuawa. Katika kitabu cha 9 anasema mwenyewe kwamba mama yake amemweleza njia mbili: abaki Troia apate sifa na afe mapema, au arudi kwao aishi miaka mingi bila jina. Mtu wa kauli hiyo hana haja ya kisigino. Kifo chake amekitazama usoni, akachagua. Anayekuja baadaye na kumfunika kwa ngozi isiyopenya silaha amempunguzia uzito wa uchaguzi ule. Dai hili linabishika. Mwingine atasema kwamba mwili usiopenya silaha wenye tundu moja unaifanya ajali kuwa ya kutisha zaidi. Sawa, na alete ushahidi wake. Hapo tumeanza kufanya kazi ya chuo kikuu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba wanafunzi ni kutaja wanasoma simulizi ya nani. Kisasili hakijielei hewani. Kina msimulizi, mahali na wakati. Habari za Liyongo zilichapishwa kwa nathari na Edward Steere mwaka 1870, katika mkusanyiko wa hadithi alizozipata Zanzibar. Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliziweka katika utenzi mwaka 1913. Utenzi huo unapatikana leo katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu alichokihariri Mugyabuso Mulokozi na kutolewa mwaka 1999. Zipo pia nyimbo ambazo watu wa pwani humhesabia Liyongo mwenyewe. Anayechanganya vyanzo hivi vyote katika sentensi moja hawezi kuthibitisha chochote, kwa sababu msomaji hajui amshike wapi.

Tuuchukue utenzi wa Kijumwa tujenge hoja mbele ya hadhira hii. Mfalme wa Pate anataka Liyongo afe. Kwanza anawaahidi fedha watu wa porini, Waboni na Wasanye. Wao wanaandaa kikoa cha makoma: kila mtu apande mkoma kwa zamu, na Liyongo akiwa juu apigwe mishale. Zamu yake ilipofika hakupanda. Aliyaangusha makoma kwa mishale yake mwenyewe. Kisha mfalme anamfunga gerezani kwa minyororo. Mama yake anaoka mkate wa wishwa, anaficha tupa ndani, na mjakazi Saada anaupeleka. Askari, waliozoea kumnyang'anya vyakula vizuri, wanaudharau mkate huo na kumpa. Usiku wa ngoma ya gungu, watu wakiimba na matoazi yakilia, Liyongo anakata minyororo na kutoka. Ndipo mfalme anapomgeukia mwana wa Liyongo kwa ahadi, naye mtoto anamwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumwua, anaambiwa ni sindano ya shaba kitovuni, na anamchoma nayo.

Dai langu ni hili: katika utenzi huu, mfalme anashindwa kila anapotumia nguvu, na anashinda anapopita ndani ya nyumba ya Liyongo. Kwa hiyo kiini cha kisa ni udugu, na sindano ya shaba ni chombo tu.

Hoja hii inavutia. Basi na tuishambulie wenyewe kabla ya mtahini. Saada si ndugu, ni mtumwa. Waliopiga matoazi nao si ndugu. Iweje tuseme udugu ndio unaoamua, ilhali waliomwokoa shujaa wengi wao ni watu baki? Pili, wale wa makoma walinunuliwa, na mtoto naye alinunuliwa kwa ahadi. Kwa nini ununuzi mmoja ulifeli na mwingine ukafaulu?

Wanafunzi wengi huogopa maswali kama haya na kuyaficha, au huyataja katika aya moja ya mwisho na kuyafukuza haraka. Mimi nasema yaacheni yaibadilishe insha. Tukiyakubali, dai letu linakuwa hivi: fedha peke yake haikutosha. Ilibidi ipitie kwa mtu mwenye haki ya kumwuliza Liyongo swali lile na kujibiwa. Watu wa porini walikuwa na mishale lakini hawakuwa na haki hiyo. Mwana alikuwa nayo, akaiuza, na alichoahidiwa hakukipata. Dai hili jipya lina nguvu kuliko la kwanza, na limepatikana kwa sababu tulimsikiliza mpinzani.

Linatusaidia pia kuusoma mwisho. Liyongo aliyechomwa anafika kisimani, anapiga magoti, anaweka mshale katika upinde na kufa vilevile. Mji mzima unaogopa kuchota maji, na mama yake ndiye anayeombwa akambembeleze mwanawe. Mfalme aliyempata Liyongo kupitia kwa ndugu analazimika kupitia kwa ndugu tena. Mwanafunzi anaweza kuongeza kwamba kitovu ni alama ya kifungo cha mama na mwana. Wazo zuri, lakini utenzi hausemi hivyo, basi aliandike kama tafsiri yake na alitetee.

Kuhusu nadharia nitasema machache. Joseph Campbell na Claude Lévi-Strauss wasomwe, ila wasigeuzwe mhuri wa kugonga juu ya kila kisa. Nadharia inayokubaliana na kila kisasili haijakueleza chochote kuhusu hiki ulicho nacho mkononi.

Mfano bora wa ubishi wa kitaaluma tunao hapa Afrika. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa cha fasihi simulizi, alitia shaka kama utendi ni utanzu wa kawaida wa Kiafrika. Wasomi wa Afrika wangeweza kulalamika tu. Isidore Okpewho alijibu kwa kitabu kizima mwaka 1979, akichambua matini zenyewe, ukiwemo utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kongo. Mulokozi naye alizitafiti tendi za Wahaya, zinazoimbwa kwa nanga. Walijibu kwa ushahidi, ndiyo maana leo hakuna anayeweza kuandika juu ya tendi za Afrika akawapita kimya.

Wahadhiri wenzangu, sehemu ya lawama ni yetu. Swali linalosema "Eleza sifa za shujaa" huzaa orodha, na hatuna haki ya kumnyima alama aliyetupa tulichomwomba. Tutunge maswali yanayogawanya darasa, na tumpe alama nzuri anayetupinga kwa ubeti na ukurasa. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuandika neno la kwanza, someni utenzi wote, tena kwa sauti, kisha mtafuteni mwenzenu mmoja asiyekubaliana nanyi mkae naye hadi amalize kusema.