Kifo Mbele ya Mashine ya Wakati: Kwa Nini Watazamaji Humlilia Mwandani



Jumanne tarehe 16 Machi 1982, BBC ya Uingereza ilionyesha sehemu ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, ya kisa cha Earthshock katika tamthilia ya Doctor Who. Kisa kilipokwisha, majina ya waigizaji na mafundi yalipita kwenye skrini kimya kimya. Muziki wa tamthilia, ambao familia za Uingereza zilikuwa zikiusikia tangu 1963, haukupigwa. Kilichoonekana ni beji iliyovunjika, basi. Mwenye beji, kijana aitwaye Adric, alikuwa amekwisha kuteketea ndani ya chombo cha mizigo kilichoanguka duniani kutoka angani.

Nimechagua kuwazungumzia waliomlilia kijana huyo na wengine kama yeye, kwa sababu naamini wametendewa isivyo haki. Kwa miaka mingi wamekuwa wakiambiwa: huo ni mchezo tu, huyo hakuwa mtu, jipanguseni machozi. Mimi nasema waliolia waliielewa tamthilia ile kuliko waliowacheka. Kilio chao kilikuwa hoja, na hoja yenyewe ni nzito: katika hadithi yenye mashine ya wakati, kifo hakiwezi kutokea tu kikapita. Lazima kijieleze.

Tuanze na jinsi tamthilia yenyewe ilivyojengwa. Mhusika mkuu, anayeitwa Doctor tu, ni kiumbe wa sayari nyingine anayesafiri popote angani na katika zama zozote kwa chombo kiitwacho TARDIS, ambacho kwa nje kinafanana na kibanda cha polisi cha London. Anapofikia kufa, mwili wake hubadilika akawa mtu mwingine. Mbinu hiyo ilianza Oktoba 1966, mwigizaji William Hartnell alipompisha Patrick Troughton, na ndiyo iliyoiwezesha tamthilia kuishi hadi leo. Matokeo yake ni kwamba Doctor hafi. Anayeweza kufa ni yule aliye kando yake, mwandani wake. Na mwandani huyo ndiye sisi. Ndiye anayeuliza tuko wapi, hiki ni nini, kwa nini tusikimbie. Watunzi walimweka pale makusudi ili mtazamaji apate pa kuingilia, kwa hiyo anapouawa, mtazamaji aliyekuwa akiona kwa macho yake anajikuta hana tena macho.

Adric hakuwa wa kwanza. Tarehe 4 Desemba 1965 alikufa Katarina, mjakazi kutoka Troy ya kale, ambaye hakuelewa lolote kuhusu vyombo vya anga na alimdhani Doctor kuwa mungu. Mfungwa mtoro alimteka ili kuwashurutisha wenzake wabadilishe safari. Mlango wa nje ukafunguka, naye Katarina na mtekaji wake wakatupwa angani. Wiki nane baadaye, ndani ya kisa hicho hicho kirefu, Sara Kingdom, aliyeigizwa na Jean Marsh, alizeeka mbele ya macho ya watazamaji mpaka akawa vumbi. Lakini hao wawili walikaa muda mfupi mno, na nadhani ndiyo sababu vifo vyao havikuacha kovu kama la Adric.

Adric, aliyeigizwa na Matthew Waterhouse, aliingia mwaka 1980. Alikuwa hodari wa hesabu, na beji yake ilikuwa tuzo ya hesabu. Alikuwa pia mbishi, mlafi kidogo, mwepesi wa kununa. Lazima tuseme ukweli: watazamaji wengi hawakumpenda, na wapo waliofurahi alipoondoka. Jambo hilo halidhoofishi hoja yangu, bali linaipa nguvu. Mtoto msumbufu naye ni mtoto wa nyumbani, na siku asiporudi, nyumba nzima inaliona pengo lake. Mwanzoni mwa Earthshock anagombana na Doctor kwa sababu amechoka kudhihakiwa na anataka kurudi kwao. Baadaye wanapatana. Mtunzi, Eric Saward, alijua alichokuwa akikifanya: aliuondoa ugomvi ili kifo kisikute deni la chuki.

Nawaomba tukae kidogo kwenye dakika za mwisho. Chombo cha mizigo kinaelekea duniani, na mitambo yake imefungwa kwa mafumbo matatu ya kimantiki yaliyowekwa na Cybermen, maadui wa nusu mtu nusu mashine. Adric amefumbua mawili, na katika kufanya hivyo chombo kimerudi nyuma miaka milioni 65. Wenzake wanamwingiza kwenye kidau cha kujiokolea. Dakika ya mwisho anachomoka na kurudi kwenye mitambo, kwa kuwa anaamini amelipata jibu la fumbo la tatu. Anabonyeza. Cyberman aliyejeruhiwa anaifyatulia risasi mitambo ile, ikaungua. Hapo hakuna kazi iliyobaki. Kijana anasimama mbele ya kioo kinachoonyesha dunia ikikaribia, ameshika mshipi wa kamba uliokuwa wa kaka yake Varsh, aliyekufa mbele yake katika kisa kilichomwingiza kwenye tamthilia, na anasikitika kwamba hatajua kamwe kama jibu lake lilikuwa sahihi.

Wakati huo huo, ndani ya TARDIS, Doctor amemshinda kiongozi wa Cybermen kwa kumsagia kifuani dhahabu ya beji ya Adric mwenyewe, maana dhahabu ndiyo sumu yao. Lakini mitambo ya TARDIS imeharibika katika mapambano. Doctor na wandani wake wengine, Tegan na Nyssa, wanatazama kwenye kioo chao, sawasawa na familia iliyokaa sebuleni inavyotazama kwenye chake, na wote kwa pamoja hawawezi kitu.

Kuna ukatili mwingine umefichwa hapo, ambao sijaona ukipewa uzito unaostahili. Mgongano ule ndio, ndani ya hadithi, uliowaangamiza dinosari na kuwafungulia njia wanadamu. Kama fumbo la tatu lingefumbuka na chombo kikageuzwa, huenda sisi tusingekuwapo. Adric alikufa akijaribu kuiokoa dunia, na dunia ikapona kwa sababu alishindwa. Mtoto wa miaka minane hawezi kulisema hilo kwa maneno, ila analihisi, na ndiyo maana huzuni yake ina hasira ndani yake.

Mshtuko ulikuwa mkubwa pia kwa sababu ulilindwa. Mtayarishaji, John Nathan-Turner, alikataa nafasi ya kuweka kurudi kwa Cybermen, ambao hawakuonekana tangu 1975, kwenye jalada la gazeti la Radio Times, ili siri isivuje. Jina la Waterhouse likachapishwa kwenye orodha ya waigizaji wa kisa kilichofuata ili pasiwe na mtu wa kubahatisha. Linganisheni na Spock wa Star Trek, aliyekufa kwenye sinema mwezi Juni mwaka huo huo. Habari ilikuwa imevuja, mashabiki wakapinga kabla hata filamu haijatoka, na watengenezaji wakaweka kifo cha uongo mwanzoni ili kuwazubaisha. Spock alirudi 1984. Adric hakurudi.

Basi lilikuja swali ambalo kila mtoto alilifikia peke yake, bila mwalimu: si wana mashine ya wakati? Kwa nini wasirudi wakamchukue?

Kisa cha Time-Flight kilianza siku sita baadaye, tarehe 22 Machi. Tegan anauliza swali lile lile. Doctor anakataa kwa ukali: zipo sheria ambazo hata yeye hawezi kuzivunja. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Lakini dakika chache baadaye, ili kuwachangamsha wenzake, anapendekeza awapeleke kwenye Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851. Matanga yakaanuliwa kabla wafiwa hawajakaa chini. Hapo ndipo tamthilia ilipowakosea watazamaji wake. Kumuua Adric ilikuwa haki ya mtunzi. Kosa lilikuwa kukataa kumwomboleza.

Wataalamu wamelitazama jambo hili kwa namna mbili. Mwaka 1956 Donald Horton na R. Richard Wohl waliandika kuhusu uhusiano wa upande mmoja kati ya mtazamaji na mtu wa kwenye televisheni: unamjua, hakujui. Andiko lao ni muhimu na nalifundisha, ila limewapa wengi kisingizio cha kumwona mtazamaji kama mtu aliyedanganyika. Aliyelia mwaka 1982 hakudanganyika. Alijua kwamba Waterhouse alikwenda nyumbani akala chakula cha jioni. Inayonisaidia zaidi ni kazi ya Kenneth Doka, aliyehariri kitabu mwaka 1989 juu ya huzuni ambayo jamii haiitambui: ya mtu anayelia lakini hapewi pole, hapewi ruhusa ya kazini, haulizwi umeamkaje. Doka hakuwa na tamthilia akilini, lakini maelezo yake yanamfaa sawasawa shabiki aliyefiwa na mhusika. Anachokosa si akili timamu. Anakosa mahali pa kuketi msibani.

Cardiff, Wales, watu walijitengenezea mahali hapo. Torchwood, tamthilia iliyozaliwa na Doctor Who mwaka 2006, ilimhusu Jack Harkness, mwandani wa zamani wa Doctor ambaye hawezi kufa. Tarehe 9 Julai 2009, katika usiku wa nne kati ya tano za Children of Earth, kijana Ianto Jones, mpenzi wake Jack, alikufa mikononi mwake kwa virusi vilivyoachiwa ndani ya jengo na viumbe waliokuja kudai watoto wa dunia. Anamwomba Jack asimsahau hata ikipita miaka elfu. Na Jack, tofauti na mfiwa yeyote wa kawaida, ana hiyo miaka elfu.

Mashabiki walikwenda Mermaid Quay, kando ya maji ya Ghuba ya Cardiff, mahali ambapo katika hadithi ndipo ulipo mlango wa ofisi ya Torchwood. Wakabandika barua, picha, mashairi na maua. Wenye eneo hilo, badala ya kusafisha, waliweka kibao cha kumbukumbu, na ukuta ule ukaendelea kupokea karatasi mpya mwaka baada ya mwaka. Wengine walituma BBC pakiti za kahawa, kwa kuwa Ianto ndiye aliyekuwa akiwapikia wenzake kahawa, na wakachangisha fedha kwa ajili ya Children in Need, mfuko wa BBC wa kusaidia watoto. Malalamiko yao yalikuwa na sababu ya ziada: wapenzi wa jinsia moja walikuwa wachache kwenye tamthilia, na wachache hao walizoeleka kuuawa. Wapo pia waliowarushia waandishi matusi, na hilo silitetei hata kidogo. Lakini tukiyaacha matusi, naona watu waliofanya kila ambacho jamii hufanya inapofiwa: walikusanyika, walimtaja marehemu, walitoa mchango, na waliwahoji waliohusika.

Doctor Who yenyewe ilijaribu jibu jingine. Katika Face the Raven, tarehe 21 Novemba 2015, mwandani Clara Oswald, aliyeigizwa na Jenna Coleman, anajitwika hukumu ya kifo iliyokuwa ya mtu mwingine na kuuawa katika uchochoro uliofichika London. Anamkataza Doctor kulipiza kisasi. Ni kifo kilichoandikwa vizuri, chenye sababu yake. Wiki mbili baadaye, katika Hell Bent, Doctor aliyekuwa ametumia mabilioni ya miaka akivunja ukuta kwa ngumi anaingia kwenye dakika ile ile na kumchomoa Clara kabla ya pigo la mwisho la moyo wake. Clara anaondoka na TARDIS yake mwenyewe, huku akijua kwamba siku moja lazima arudi kwenye uchochoro ule. Peter Capaldi aliigiza huzuni ya Doctor kwa ustadi wa hali ya juu, na wapo wanaokihesabu kisa hicho miongoni mwa vilivyo bora. Mimi nawafikiria waliokuwa na miaka minane mwaka 1982. Waliambiwa sheria haivunjiki. Miaka 33 baadaye walimwona Doctor akiivunja kwa ajili ya mwingine, na hakuna aliyewageukia kuwaambia kwa nini yule na si huyu. Swali lao lilikuwa halali, na sasa hata tamthilia ilikuwa imekiri.

Kwa upande mwingine, tamthilia haikumsahau Adric kabisa. Doctor wa Peter Davison, yule yule aliyependekeza maonyesho, alimalizia zamu yake tarehe 16 Machi 1984, miaka miwili kamili tangu kifo kile. Anapobadilika mwili, sura za wandani wake zinampitia akilini, na neno lake la mwisho ni jina la Adric.

Kisha Novemba 2023, tamthilia ilipotimiza miaka 60, BBC ilitoa Tales of the TARDIS, ambamo visa vya zamani vilipewa utangulizi na tamati mpya. Earthshock kilikuwa kimojawapo. Davison na Janet Fielding, aliyekuwa Tegan, wamekwisha kuwa wazee, na humo wanaonekana wakiwa Doctor na Tegan wakimkumbuka kijana yule. Waandishi wangeweza kumrudisha. Mfano wa Clara ulikuwepo, na hakuna shabiki ambaye angewashitaki. Hawakumrudisha. Waliwaacha wafiwa wawili waketi, wamtaje, wajutie. Maombolezo yaliyonyimwa dakika kumi mwaka 1982 yalipewa nafasi baada ya miaka 41, na yalipokelewa na watu wenye mvi waliokuwa wakiyadai tangu utotoni.