Kabla ya Kunyoosha Nywele, Uliza Maji

Mama na dada wa Murara, tusemezane juu ya dawa ya kunyoosha nywele, ile munaita defrizani. Kuna za aina mbili. Moja ina soda kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Nyingine imeandikwa kwamba haina soda, lakini ina chokaa. Zote mbili zinaunguza ngozi na zinaweza kupofusha macho.

Ile ya tatu, yenye formalini na kupigwa pasi ya moto, uikatae. Tangu 2004 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wanaihesabu kuwa chanzo cha kansa.

Basi usichague pakiti tu. Chagua saluni yenye maji. Robine za Goma zinakauka mara nyingi. Dawa isifunguliwe mbele hujaona bidoni zimejaa.

Usipake kichwa chenye vidonda, wala cha mtoto. Nywele zikiota tena, paka zile mpya peke yake. Kichwa kikianza kuwaka, usivumilie eti zinyooke zaidi: osha palepale. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 20, halafu kimbia hospitali. Usingoje kesho.