Tumerudi Nyumbani, Sasa Tuandikwe

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa chama chetu cha kusaidiana, Ubundu, mwanzo wa vakanse kubwa



Kamati iliniomba niseme juu ya mambo mawili: habari za leta hapa teritware yetu, na kazi pamoja na sikukuu za vakanse, tangu Julai mpaka masomo yafunguliwe Septemba. Nikiwa mtoto wenu na mtumishi wa shirika linalotembea vijijini, nitayafunga pamoja mambo hayo mawili, kwa sababu naona yanaenda njia moja.

Wengi wetu tumerudi, kwa miguu, kwa moto, kwa mtumbwi. Nyumba zimesimama tena na moshi unatoka jikoni. Lakini mbele ya leta mtu hajarudi mpaka jina lake liwe kwenye karatasi: yeye, watoto wake, na shamba lake. Miezi hii ya vakanse ni wakati mzuri wa kufanya kazi ile. Mvua inapunguka, njia zinapitika, watoto wako nyumbani, na walimu wenye mwandiko mzuri wanaweza kutusaidia. Septemba ikifika, kila mtu anarudi kwenye mambo yake.

Tujue mlango wa kubisha

Nimeona mama anatembea siku nzima mpaka biro ya teritware kwa ajili ya cheti cha mtoto. Wakamwambia: mama, kazi hii ni ya sekteri. Akarudi na njaa. Basi tushike hivi.

Mkoa wetu wa Tshopo ulizaliwa mwaka 2015, wakati Province Orientale iligawanywa, na gavana anakaa Kisangani. Teritware inaongozwa na Administrata, yule tunaita A.T. Yeye ni jicho la serikali hapa: usalama, kusimamia watumishi wa leta, kupatanisha watu. Chini kuna sekteri, kiisha grupema, kiisha kijiji. Kufuatana na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, sekteri inajiongoza yenyewe na iko na bajeti yake. Na ni kwa sekteri ndipo kuna biro ya eta-sivili, pale tunaandika kuzaliwa, ndoa na kifo. Shefu wa kijiji na shefu wa grupema wanatoa ushuhuda kwamba wanakujua, lakini hawatoi cheti.

Sheria ile ile inasema sekteri iwe na konsei, maana yake washauri waliochaguliwa na sisi raia. Mpaka leo uchaguzi wa konsei za sekteri haujafanyika. Desemba 2023 tulipiga kura, ndiyo, lakini washauri wa chini walichaguliwa tu kwenye komini za miji mikuu ya mikoa. Kwa hiyo hakuna mtu tuliyemtuma sisi wenyewe kukaa kwenye meza ya sekteri. Njo maana, shefu wa sekteri akiita mkutano wa raia, tusiache viti vitupu.

Na kwenye mkutano ule tuko na haki ya kuuliza. Sheria inasema asilimia 40 ya pesa za taifa zinazopewa mkoa ziende kwa sekteri, shefari, komini na miji. Ni kiasi gani kimefika kwetu, na kimefanya kazi gani? Vilevile kuna ile programu ya serikali ya teritware 145, ya kujenga masomo, vituo vya afya na majengo ya utawala. Kwetu imefika wapi? Tuulize kwa heshima, na swali liandikwe kwenye ripoti ya mkutano. Ripoti ikiandikwa, mwaka kesho tunaweza kurudi kuulizia jibu.

Watoto waliozaliwa tukiwa mbali

Tangu fujo ilipoanza mwanzoni mwa mwaka 2023 kati ya ndugu zetu Walengola na Wambole, wamama wengi walizaa kwenye masomo, kwenye makanisa, kwenye nyumba za jamaa kule Kisangani, wengine porini. Watoto wale leo wanakimbia huku na huku, wengine wanakaribia kuingia masomo. Wangapi wako na cheti cha kuzaliwa? Kila familia ijihesabu.

Sheria inatoa siku 90 tangu mtoto azaliwe. Ndani ya siku hizo, baba au mama anaenda kwa eta-sivili na karatasi ya matérnité au na mashahidi, na kopi ya kwanza ya cheti ni ya bure. Mtu akiomba pesa kwa kopi ile ya kwanza, usigombane naye. Omba kitansi, andika tarehe, na uje kuambia kamati.

Siku 90 zikipita, mlango haujafungwa, lakini njia inakuwa ndefu. Sasa lazima tribinali itoe hukumu inayochukua nafasi ya ile deklarasio, kiisha eta-sivili anaandika cheti kufuatana na hukumu ile. Familia moja ikifanya safari peke yake, moto, chakula na kulala vinamaliza pesa ya muhogo wa miezi. Ndiyo sababu tunasema tuende kwa listi. Kama kijiji kizima kimetayarisha majina vizuri, tunaweza kuomba tribinali itume hakimu kukaa kikao huku kwetu. Hakimu hawezi kukubali safari kwa ajili ya watoto wawili. Kwa watoto mia moja, barua yetu iko na uzito.

Listi nzuri iko namna gani? Jina la mtoto lote, kama litakavyobaki mpaka mwisho. Siku na mahali alipozaliwa. Jina la baba na la mama. Majina ya mashahidi wawili wakubwa. Hapa nawaomba sana wamama: msimwite mtoto jina moja nyumbani, lingine kwenye somo, lingine kwa padri. Akifika mwaka wa sita wa primeri, akitaka kufanya mtihani, majina matatu yanamletea matatizo.

Mtoto asiye na baba hapa karibu anaandikwa pia. Mama anaweza kwenda yeye mwenyewe. Asione haya.

Sisi wakubwa

Karte tunayotumia kama kitambulisho ni karte ya kura. Sasa kumbukeni: kuandikishwa kwa wapiga kura huku kwetu kulifanyika mwanzoni mwa 2023, miezi ile ile ambamo wengi walikuwa wanakimbia. Kuna waliokosa karte kabisa, na kuna ambao karte yao iliungua na nyumba. Aliyepoteza karte aombe kwanza atestasio ya kupoteza vitambulisho kwa utawala, kiisha aulize CENI juu ya dublikata. Kijana aliyefika miaka 18 nyuma ya pale asiishi bila karatasi yoyote. Kwenye barieri mtu asiye na karatasi ndiye anayelipa mara mbili.

Mashamba

Hapa nitasema polepole, kwa sababu ndipo moto ulipoanzia. Wote tunajua ugomvi ule ulitokea juu ya udongo, udongo uliopewa kampuni, na watu wakaulizana: nani aliutoa, kwa haki gani? Sheria ya udongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya leta, lakini inasema pia kwamba udongo wa vijijini hautolewi kwa kampuni kabla ya ankete kufanyika, wenye kukaa pale wakasikilizwa. Tukikosa kwenda siku ya ankete, wengine watasema kwa jina letu.

Kuna njia nyingine ambayo vijiji vingi havijaitumia bado. Dekre ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii iombe pori lake kama konsesio ya jamii, mpaka hektari 50 000. Kazi yake ni ndefu: ramani, mipaka iliyokubaliwa na majirani, sahihi za wakubwa. Vakanse moja haitoshi kuimaliza. Inatosha kuanza mazungumzo ya mipaka, wazee wangali hai na wanakumbuka mto upi na mti upi.

Na ugomvi mdogo wa shamba kwa shamba? Mwaka uliopita nilisikiliza kesi ya mama mmoja aliyerudi na mbegu zake mgongoni, akakuta jalala lake limelimwa na familia nyingine, nao wamekimbia kutoka kwingine. Vijana wake walitaka kuchukua panga. Mzee wa kijiji akakalisha pande zote mbili. Wakakubaliana: aliyepanda avune muhogo wake, asipande tena, na msimu wa nyuma shamba lirudi kwa mwenyewe. Katika siku ile mama akapewa pembe moja ya kulima. Wakaandika proseverbali, pande mbili zikatia kidole, shefu wa grupema akatia sahihi, kila mmoja akabaki na kopi. Mpaka leo wanaazimana jembe.

Wakosane wangapi bado kabla tufanye vile kila pahali? Chama kiko na madaftari na kalamu za kutosha. Anayesikia ugomvi wa shamba unachemka aite kamati siku ile ile, hata usiku.

Kalendari ya vakanse

Salongo ni kila Jumamosi asubuhi. Kamati imepanga kuanza na chemchemi za maji na njia ndogo zinazoenda masomoni, kiisha vilalo vya miti. Barabara kubwa ni kazi ya leta, hatuna mashini. Lakini kilalo kikivunjika, mama mwenye mimba hapiti, na moto inageukia njiani. Reli yetu ya kilometa 125 mpaka Kisangani ilimalizika mwaka 1906. Leo hatuwezi kupanga maisha yetu juu ya treni, basi tutunze njia zetu za miguu na za moto. Baada ya kazi, saa moja ni ya kuandika: meza, daftari, mwalimu mmoja, chini ya mti. Anayekuja na jembe aje pia na majina ya watoto wake.

Mupira wa vijana utachezwa kila Jumapili nyuma ya misa na ibada. Sharti ni moja: hakuna timu ya kabila moja. Mlengola, Mumbole, Mukumu, Mumituku, Mugenya, wote wachanganyike, na kapiteni wa timu ndiye anayeleta listi ya wachezaji wasio na karte.

Tarehe 1 Agosti ni siku ya wazazi. Asubuhi tunaenda kusafisha makaburi, mchana watoto wanakula na wazazi. Tunajua wengi hapa hawana kaburi la kwenda kusafisha. Wapendwa wao walibaki njiani. Kwa ajili yao tutakaa pamoja, na kila familia itaje jina.

Tarehe 2 Agosti ni siku ya taifa ya kukumbuka wahanga wa vita, ile wanaita Genocost. Kwenye mstari huu wa reli, udongo umemeza watu wengi: wakimbizi wa Rwanda waliokufa mwaka 1997 kwenye kambi za Kasese na Biaro, na kabla yao na nyuma yao watoto wetu. Kisangani nayo haijasahau siku sita za Juni 2000. Siku ile majina tuliyoyataja yaandikwe, ya pande zote, bila kugawanya. Mjane asiye na karatasi ya kifo cha mume anasumbuliwa juu ya nyumba na shamba. Kwa kifo kisichoandikwa kwa wakati, njia ya tribinali iko pia.

Neno juu ya listi

Mnisikilize vizuri hapa. Listi hii si ya unga, si ya mafuta, si ya batshi. Shirika letu halitoi cheti, na halichukui pesa ya mtu kwa ajili ya cheti. Najua mazoea: tukisikia listi, mtu anaandika watoto wanane na yeye ana watano. Kwa karatasi ya misaada labda utapata sahani ya pili. Mbele ya hakimu, mtoto mmoja wa uongo anaweza kuangusha listi ya kijiji kizima, na wale watano wa kweli wanabaki bila jina.

Basi kazi iko hivi. Julai, kila kijiji kichague watu wawili wa kuandika, mwanaume mmoja na mwanamke mmoja. Katikati ya Agosti, madaftari yote yafike kwa kamati, tusahihishe. Mwisho wa Agosti, wajumbe wetu wayapeleke kwa shefu wa sekteri pamoja na barua ya kuomba kikao cha hakimu, na kopi moja ibaki kwa A.T. Barua ipokelewe na muhuri, tuwe na ushahidi kwamba tuliomba.

Jibu likichelewa, tutarudi kuuliza. Tumetembea kilometa nyingi tukikimbia, hatutashindwa kutembea kidogo kwa ajili ya majina ya watoto wetu.

Nimemaliza. Wazee wangu, kama nimesema vibaya mahali, mnirekebishe. Wenye maswali, daftari iko hapa mezani, tuanze na mstari wa mbele.