Shahidi Anapogeuzwa Mshitakiwa



Katika nyimbo alizoziimba Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, mmoja uliovuma sana ni ule wa Kijiti, usimuliao habari ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam kwenda Unguja, akatoka matembezini na mwanamume, Kijiti mwenyewe, ambaye alimwua. Na linalonishughulisha mimi si mauaji yenyewe, bali ni kwamba muuaji alivuka bahari akasalimika, ilhali wanawake waliosimama mbele ya hakimu kutoa ushahidi ndio waliopewa adhabu.

Mahakama ile, nionavyo, haijafungwa. Hukaa kila siku, barazani, jikoni na katika afisi za waalimu wakuu. Binti wa miaka kumi na sita anayefika na alama za vidole mkononi huulizwa kwanza, "Ulifuata nini kwake?", na hapo hufahamu kwamba kesi iliyofunguliwa ni yake yeye, basi hujifunika mtandio, akasema ameanguka. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba katika wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliopata kuwa na mume au mpenzi, asilimia 24 wamepigwa au wameingiliwa kwa nguvu na huyo huyo. Na hao ni wale waliothubutu kujibu.

Dhulma hii aghalabu haianzi kwa kofi. Kijana hutaka nywila ya simu ya mwenziwe, kisha hupekua waliompigia, kisha humwamuru apige picha papo hapo na kuituma, ili ithibitike kwamba kweli yuko kwa shangazi yake. Naye binti, aliyelelewa akiamini kuwa asiyeonewa wivu hapendwi, huyapokea hayo kama tunu, hata siku atakapotaka kuachana aambiwe, "Ukiniacha najiua", au aonywe kuwa picha zake zitaenezwa mtaani. (Wavulana nao hupatwa na hayo, na aibu huwafumba vinywa.)

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilikwisha tamka kwamba hakuna mila impayo mtu haki ya kumpiga mkewe au mumewe. Ila sheria hungoja mlalamikaji, na binti huyu si mke wa mtu, tena tumekwisha mtisha kwa swali letu.

Wazee wetu walikuwa na somo, mwanamke asiye mama mzazi, ambaye mwari aliweza kumwambia yasiyosemeka nyumbani. Mengi katika mafunzo yake yalikuwa ya kumstahimilia mume, na hayo siyalilii; nalilia sikio lake. Katika skuli zetu kazi hiyo amepewa mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye mara nyingi ndiye huyo huyo mshika bakora. Napendekeza atengwe kabisa na mambo ya nidhamu. Awafunze wavulana na wasichana pamoja kwamba ridhaa ya jana si ridhaa ya leo, na kwamba mpenzi haombwi ruhusa ya kwenda kwa rafiki. Na siku atakapojiwa na mwenye alama mkononi, aulize kwanza kama mtoto ana pahala pa salama pa kulala usiku huo.