Mlevi si hakimu wa ulevi wake

Katika baa zetu, harusi zetu na hata misiba yetu, hakuna neno linalosemwa kwa uhakika zaidi kuliko hili: "Mimi sijalewa." Husemwa na mtu aliyekwisha kunywa chupa nne au tano, funguo za gari ziko mkononi, na ndugu zake wanamsihi alale hapo hapo hadi asubuhi. Naye husema kwa moyo mweupe kabisa. Hadanganyi. Anaamini anachokisema, na hapo hasa ndipo ilipo hatari ninayotaka tuizungumzie leo.

Tuanze na jicho. Kila jicho la binadamu huendeshwa na misuli sita, nayo hupokea amri kutoka kwenye ubongo. Unaposoma gazeti, macho hayatiririki juu ya mstari kama maji. Huruka kutoka neno hadi neno, yakatua kidogo, kisha yakaruka tena. Lakini unapomfuata kwa macho ndege anayepita, au baiskeli inayokatisha barabara, macho huteleza taratibu bila kukwama. Kazi zote mbili zataka hesabu za haraka sana, na fundi mkuu wa hesabu hizo ni ile sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, ambayo hupatanisha mwendo wa misuli.

Sasa pombe, iwe bia, ulanzi, mbege au gongo, ikishaingia katika damu haikawii kufika kwenye ubongo, na fundi huyu ni miongoni mwa wa kwanza kupoteza umahiri wake. Macho huchelewa kuruka, na yakiruka huenda polepole kuliko kawaida. Yanapofuata kitu kinachotembea hukwamakwama kama gari lililotiwa mafuta machafu. Na mtu akitazama pembeni, jicho hushindwa kutulia. Huteleza kurudi katikati, likajirusha tena pembeni, likateleza, likajirusha. Mwenyewe hana habari.

Nchini Marekani polisi wa barabarani wamelitumia jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1977 wanasaikolojia Marcelline Burns na Herbert Moskowitz walitoa ripoti ya utafiti kuhusu vipimo vinavyoweza kumfaa askari aliyemsimamisha dereva njiani. Mwishowe vilichaguliwa vitatu: kutembea juu ya mstari na kugeuka, kusimama kwa mguu mmoja, na kipimo cha jicho. Katika hiki cha jicho, askari hushika kalamu sentimita 30 hadi 38 mbele ya uso wa dereva, akaisogeza taratibu, na kumtaka aifuate kwa macho bila kugeuza kichwa. Hutafuta mambo matatu katika kila jicho. Je, linakwamakwama? Je, likifika mwisho wa pembeni linarukaruka? Je, huanza kurukaruka kabla ya kufika pembe ya nyuzi 45?

Mtu aweza kujikaza akatembea wima. Aweza kuupanga ulimi wake akasema maneno ya kiungwana. Lakini jicho linalorukaruka haliwezi kuamriwa litulie.

Nawaombeni, hata hivyo, msiondoke hapa mkaenda kuwapima majirani kwa kalamu. Wapo watu waliozaliwa na macho ya namna hiyo. Wapo wenye maradhi ya sikio la ndani. Na zipo dawa, zikiwamo baadhi ya dawa za kifafa, ambazo huleta hali hiyo hiyo. Ndiyo maana askari hufunzwa kwanza, na ndiyo maana kipimo cha pumzi au cha damu bado kinahitajika.

Mwaka 1996 nilikuwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa. Basi likasimama Ruaha Mbuyuni ili watu wale, na baadhi yetu tukamwona dereva akishusha bia katika banda la nyuma. Mbele yetu ulikuwapo mlima Kitonga, na kila aliyepita njia ile anazijua kona zake na bonde lililo kando. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akagoma kupanda. Ikawa kelele. Kondakta akamwita dereva, akamhoji mbele yetu sote: tumetoka Dar saa ngapi, tumepakia abiria wangapi, nauli ya Mafinga ni kiasi gani. Dereva akajibu yote sawasawa, ulimi mwepesi kama wa karani. Abiria wengi wakaridhika. "Mnaona? Mzima huyu!"

Yule mama akasema, "Mimi sikumuuliza nauli. Barabara nayo haiulizi nauli."

Tuliobaki chini pamoja naye tulikuwa kama kumi, nami nikiwamo. Tulikaa juani saa tatu hadi alipopatikana dereva mwingine, na tulitukanwa vya kutosha na wenzetu waliokuwa na haraka.

Mama yule hakuwa mtaalamu, lakini alilenga penyewe. Mambo ambayo mtu ameyazoea miaka na miaka, kama nauli, salamu na majina ya vituo, hukaa kichwani hata baada ya chupa kadhaa. Kinachoondoka mapema ni uwezo wa kuliona jambo ambalo hukulitarajia: mbuzi anayevuka, lori lililoharibika likaachwa bila taa, mtoto anayekimbilia mpira.

Mwaka 1990 wanasaikolojia wengine wa Marekani, Claude Steele na Robert Josephs, walieleza kwamba pombe huyafanya mawazo yawe na uoni wa karibu. Mnywaji hushika kile kilicho mbele ya pua yake, na yale ya pembeni, pamoja na matokeo ya kesho, hufifia. Ndiyo maana mtu mpole hupigana kwa sababu ya kiti. Ameliona tusi, hakuiona mahabusu.

Mwaka 2006 Seema Clifasefi na wenzake wakatangaza matokeo ya jaribio la kushangaza. Waliwaonyesha watu filamu fupi ya wachezaji wanaopasiana mpira, wakawataka wahesabu pasi. Katikati ya mchezo huingia mtu aliyevaa vazi la sokwe, akajipigapiga kifua, akaenda zake. Miongoni mwa wasiokunywa, asilimia 46 walimwona sokwe huyo. Miongoni mwa waliokunywa, walimwona asilimia 18 tu. Na hao waliokunywa walikuwa na takriban miligramu 40 za kilevi katika mililita 100 za damu, yaani nusu ya miligramu 80, ambacho ndicho kikomo cha dereva wa kawaida katika majimbo mengi ya Marekani na hapa Tanzania pia. Mbele ya sheria walikuwa wazima. Macho yalikuwa wazi, filamu iko mbele yao, na sokwe hawakumwona.

Pigeni hesabu ndogo. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde moja. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kumwona mtoto, gari limekwisha kula mita 11 kabla mguu haujaigusa breki.

Wazee walisema nyani haoni kundule. Mnywaji ni zaidi ya nyani huyo, kwa sababu kiungo ambacho kingemwambia "umelewa" ndicho kilicholewa. Kumuuliza kama anaweza kuendesha ni sawa na kuitaka mizani mbovu ijipime yenyewe. Tena anayekunywa kila siku ni mgumu zaidi kumtambua, maana amejifunza kutoyumba na kutopayuka, huku kilevi katika damu yake ni kile kile.

Wala usingizi mfupi haumalizi deni. Mwili huondoa takriban miligramu 15 kwa saa. Kahawa, maji ya baridi na supu ya makongoro havisukumi kasi hiyo; humwamsha mlevi, basi, akabaki mlevi aliyeamka. Mtu aliyeacha kunywa saa 8 usiku akiwa na miligramu 150, saa 12 asubuhi bado ana 90. Amepiga mswaki, amenyoa ndevu, amevaa shati safi, naye anapokwenda kuliwasha basi la abiria yu juu ya kikomo cha sheria.

Basi tufanyeje? Sikuja hapa kuwahubiria watu waache pombe. Hiyo ni shauri la mtu na dhamiri yake. Nasema hivi: kwa kuwa mlevi si hakimu wa ulevi wake, hukumu itolewe kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa, wakati hakimu bado mzima. Funguo akabidhiwe mke, shemeji au rafiki asiyekunywa, na makubaliano yawe kwamba hazirudi kabla ya kesho, hata mwenyewe aje kuzidai kwa hoja nzuri namna gani. Mwenye harusi anayenunua kreti kumi za bia anunue na mikeka ya kulalia wageni. Mwenye basi la masafa marefu aajiri dereva wa pili, na asimpange kwenye zamu ya alfajiri mtu anayejua amekesha baa. Na sisi abiria tukimwona dereva na chupa, tusisubiri ayumbe ndipo tuseme. Huenda asiyumbe kabisa, mpaka kwenye kona.

Leo jioni wengi wenu mtakaa na marafiki, na si vibaya. Kabla hamjaagiza, mmoja wenu aulize, "Funguo atakaa nazo nani?" Jibu mtakalolitoa wakati huo ndilo la kuaminika. La saa sita usiku lisisikilizwe. Hadi wiki ijayo, nawatakieni safari njema.