Mgonjwa Anayebaki: Safari za Kujitolea Kitabibu na Kazi ya Mwenyeji

Mada kwa semina ya watumishi wa afya wa makanisa wanaojiandaa kujitolea nje ya nchi



Mada za maandalizi ya safari kwa kawaida huanza na pasipoti, chanjo na tiketi, na hilo la chanjo nitaligusa. Lakini mimi ni muuguzi wa wodi, na wodi ndiyo inayobaki na wagonjwa wageni wanapopanda gari kuelekea uwanja wa ndege. Kwa hiyo naomba tuipange safari kuanzia mwisho wake. Siku mtakapoondoka, nani atakuwa na mgonjwa wenu wa mwisho, na atakuwa na nini mkononi?

Chukueni mfano wa fistula ya uzazi. Mama amekaa na uchungu siku mbili au tatu, kichwa cha mtoto kimebana kibofu, nyama imekufa, limebaki tundu na mkojo unavuja mchana na usiku. Daktari mzoefu anaweza kulishona tundu hilo kwa saa chache, na hapo ndipo picha hupigwa. Kazi ya wodi ndiyo kwanza inaanza. Mama atakaa na mpira wa mkojo kwa muda ambao mara nyingi hufika wiki mbili, na mpira huo lazima utiririshe wakati wote. Ukikunjwa na shuka au ukiziba kwa bonge la damu saa nane usiku, kibofu kinajaa, nyuzi zinavutika, tundu linafunguka. Jaribio la pili huwa gumu kuliko la kwanza kwa sababu ya makovu. Anayeuzibua mpira usiku huo ni muuguzi wa zamu, ambaye pengine ana wagonjwa wengine 30, na ambaye hakuulizwa wakati ratiba ya wageni ilipokuwa inapangwa. Timu ya siku kumi inayofanya upasuaji huu mpaka siku ya tisa imeacha nyuma yake mipira yote ikiwa bado ndani.

Tusiondoke kwenye fistula kabla ya kufika Addis Ababa. Mwaka 1959 madaktari wawili Wakristo, mtu na mkewe, Reginald na Catherine Hamlin, walifika huko kutoka Australia kwa mkataba wa miaka mitatu, wakafundishe wakunga. Wakakutana na wanawake wanaovuja, wakabaki. Mwaka 1974 walifungua hospitali ya fistula, na Catherine alifariki mjini humo mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 96. Mimi hata hivyo huvutiwa zaidi na Mamitu Gashe. Huyu aliletwa kama mgonjwa, binti wa kijijini asiyejua kusoma. Baada ya matibabu akabaki kusaidia wodini, kisha chumba cha upasuaji, mwisho akashika kisu mwenyewe, na madaktari waliotoka vyuo vikuu wakasimama kando yake kujifunza. Mwaka 2007 Catherine alianzisha chuo cha wakunga, maana fistula huzuiwa na mkunga anayejua lini uchungu umegoma.

Mtasema sasa huyu anataka kila mmoja wetu abaki miaka 60. Hapana. Tazameni meli za hospitali za Mercy Ships, shirika la Kikristo lililoanzishwa mwaka 1978. Meli yao ya Global Mercy ina vyumba sita vya upasuaji, na wengi wa wanaofanya kazi ndani yake, kuanzia daktari mpaka mpishi, ni watu wa kujitolea wanaochangia gharama zao wenyewe. Wapo wanaokuja kwa wiki mbili tu. Mbona kwao wiki mbili hazileti madhara ninayoyalalamikia? Kwa sababu meli yenyewe hutia nanga miezi kama kumi. Daktari anabadilishwa lakini wodi ipo pale pale, faili la mgonjwa lipo, na wa kuondoa nyuzi yupo. Ufupi wa safari ya mtu mmoja si tatizo iwapo amepachikwa kwenye kazi isiyoondoka naye. Nasi tusio na meli tunazo hospitali za misheni na za wilaya huko tuendako, ambazo hazing'oi nanga kabisa.

Wachungaji mtaniwia radhi nikiingia shambani kwenu. Tunapenda kumhubiri Msamaria mwema: mafuta, divai, kumpandisha majeruhi juu ya mnyama wake. Hospitali yetu ya rufaa ya KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya shirika lenye jina la Msamaria huyo. Lakini Luka anaeleza kwamba Msamaria alikaa usiku mmoja tu, kesho yake akaendelea na safari. Alikuwa mgeni wa muda mfupi kama sisi! Kilichomponya majeruhi ni kwamba alikabidhiwa kwa mtu. Mwenye nyumba ya wageni alipewa dinari mbili, akaambiwa la kufanya, akaahidiwa kulipwa kitakachozidi. Sijasikia mahubiri mengi juu ya mwenye nyumba yule, wala mfuko wa maendeleo unaochangishwa kwa ajili yake. Katika bajeti za safari nilizopata kuziona, fulana za timu zina mstari wake na posho ya muuguzi wa zamu za ziada haina.

Jambo jingine ni nani anaruhusiwa kumgusa mgonjwa. Kule Jinja, Uganda, Mmarekani mmoja asiye na taaluma ya udaktari wala uuguzi alianzisha huduma ya watoto wenye utapiamlo mkali. Mwaka 2019 akina mama wawili pamoja na shirika la Women's Probono Initiative walifungua kesi dhidi yake, na mwaka 2020 ikaisha kwa makubaliano nje ya mahakama bila yeye kukiri kosa. Sitaki kumhukumu mtu hapa. Ila sisi tunaojua tiba tunafahamu kwamba mtoto wa namna hiyo akilishwa kwa pupa anaweza kufa, ndiyo maana huanzishiwa maziwa mepesi ya F-75 kabla ya yale ya F-100. Moyo wa upendo haukupi ujuzi huo. Hapa kwetu daktari mgeni lazima asajiliwe kwa muda na Baraza la Madaktari Tanganyika, na dawa anazoleta zipite Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Basi tukivuka mpaka tusijione tumesamehewa. Kila nchi ina baraza lake, na barua ya askofu si leseni. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu ambaye hapa nyumbani haruhusiwi kushona peke yake, haruhusiwi huko pia, hata foleni iwe ndefu kiasi gani.

Kuhusu dawa, Shirika la Afya Duniani linataka dawa za msaada zifike zikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, zenye maandishi yanayosomeka na wenyeji, na zisiwe mabaki ya wagonjwa wengine. Wengi tunalijua hilo. Tunalolisahau ni presha na kisukari. Unafungua kambi ya siku moja kijijini, bibi anapimwa, unakuta 190 kwa 110, unampa vidonge vya mwezi mmoja vya aina ambayo zahanati ya pale haina. Mwezi wa pili bibi hana dawa, ila anajua sasa kwamba ana ugonjwa. Kabla ya kufunga begi, pigeni simu kwa mganga mfawidhi wa kule, muulize stoo yake ina nini, kisha mbebe hicho hicho. Na kifaa cha umeme kisomwe nyuma: mashine ya oksijeni ya volti 110 iliyotoka Marekani ikichomekwa kwenye volti 230 bila kibadilishi, inaungua siku hiyo hiyo.

Kuhusu kuhubiri, nasema kwa kifupi kwa sababu najua tutabishana. Kumwombea mgonjwa anayetaka kuombewa ni furaha yetu. Kumpitisha kwenye mahubiri ndipo apewe namba ya kumwona daktari ni kumlipisha, na Mwislamu aliyeleta mtoto mwenye homa analiona hilo kabla yetu.

Afya zenu wenyewe: chanjo ya homa ya ini B huchukua miezi, msisubiri wiki ya mwisho. Ukijichoma sindano, dawa za kinga dhidi ya VVU zianze mara moja, zisivuke saa 72, kwa hiyo jueni mapema ziko kabati gani.

Rasimu ya makubaliano kati ya timu na hospitali mwenyeji iko mezani kwenu. Vifungu vingi havina ugomvi. Kifungu cha nne ndicho ninachotaka tuanze nacho kwenye vikundi. Kinasema upasuaji mkubwa ukome katikati ya safari, nusu ya pili madaktari wa timu wapite wodini kila asubuhi pamoja na wenyeji, na asilimia 20 ya michango yote ibaki hospitalini kwa zamu za uuguzi za mwezi unaofuata. Madaktari wa upasuaji wameshaniambia kwenye chai kwamba nusu ni nyingi mno. Karibuni mnieleze ni siku ngapi basi, kwa kila aina ya upasuaji, na nani atakuwa na mpira wa mkojo siku ya kumi na mbili.